Simu ya Muziki na Ng'ombe wa Jumapili

Asifiwe Mungu aliye hai, aliyewaumba wanyama wa kufugwa kwanza na mtu baadaye, siku ileile moja, ili mtu akifumbua macho akute kazi inamsubiri zizini. Yeye ndiye aliyenipa mkono huu wa kushoto, akautunza hadi nikastaafu nao ukiwa mzima, ingawa ulibanwa mara nyingi mahali ambapo mwenye adabu hapataji katika aya ya kwanza. Kwa mkono huo, na kwa subira aliyonijalia kidogo kidogo, nalihimidi jina lake.

Vijana wangu mnaoingia sasa katika uhimilishaji, yaani kazi ya kupandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa, mliniomba siku ya kuniaga niwaandikie machache. Habari za vyeo nimeziacha, kwa sababu katika maisha yangu nilipandisha sana kuliko nilivyopandishwa. Habari za mshahara ziko kwa mke wangu. Nitawaeleza nilivyoanza, na baadaye ng'ombe mmoja na simu moja, maana kila tunapokutana mnaniuliza juu ya ile simu huku mkicheka, na kila mtu ana namna yake ya kuieleza. Nataka walau mara moja ielezwe na mwenyewe.

Sikuanza na ng'ombe. Nilisoma chuo cha Biblia, nikitazamia kuwa mwinjilisti, mpaka wakubwa wangu walipogundua kwamba nikihubiri hata wenye dhiki wanasinzia. Walinishauri kwa upole nimtumikie Mungu mahali pengine. Nikaenda kusomea mifugo, nikaona kwamba ng'ombe nao husinzia nikiongea nao, ila kwao hilo ni jambo jema.

Siku yangu ya kwanza kazini nilipelekwa Kikatiti pamoja na Mzee Sifaeli, aliyekuwa mhimilishaji kabla sijazaliwa upya wala kubatizwa. Alinitazama mikono, akaniambia, "Kata kucha. Vua saa. Funga mdomo."

"Mdomo nao kwa nini, mzee?"

"Utaona."

Sikuufunga vizuri. Ng'ombe wa Kikatiti alikula majani mabichi usiku kucha, na alipokohoa nikiwa nyuma yake nilielewa somo lote kwa mkupuo mmoja. Mzee Sifaeli hakucheka. Alinipa leso yake, akasema, "Sasa umeajiriwa."

Yeye ndiye aliyenifundisha yote ninayowafundisha ninyi. Mrija wa mbegu ukitoka kwenye mtungi wa baridi uyeyushwe kwa maji ya uvuguvugu, na kama huna uhakika wa maji yale, yapime kwa kiwiko kama mama anayeogesha mtoto. Kijiti cha kupimia naitrojeni, ile baridi ya mtungini, usikitumie kufukuzia mbwa. Pima mtungi kabla ya kutoka nyumbani, siyo ukiwa mlimani. Ng'ombe aliyeonyesha joto, yaani hamu ya dume, asubuhi mpandishe jioni, aliyeonyesha jioni mpandishe asubuhi inayofuata. Na kabla ya kuingiza mkono, omba. Mzee Sifaeli aliomba kwa sauti. Mimi niliomba kimoyomoyo, kwa ajili ya wenye ng'ombe wasije wakasinzia.

Ukafika wakati wa soko huria. Serikali ikatuambia kwamba sasa mfugaji atachangia huduma, na sisi tuliokuwa tukipanda pikipiki za umma tukaambiwa tujitafutie zetu. Usiku nililala mtumishi, asubuhi nikaamka mfanyabiashara, bila kuulizwa. Nikahamia upande wa magharibi wa Mlima Meru, juu ya Ngaramtoni, ambako kila boma lilikuwa na ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa ndani ya banda, wakilishwa majani ya kukatwa na vipande vya migomba. Wenyewe wengi ni Waarusha. Kiswahili walizungumza nami, Kimaasai walizungumza na ng'ombe, na nadhani ng'ombe ndio walioambiwa mambo ya maana.

Kazi ilipokuwa nyingi, kichwa changu hakikutosha. Ng'ombe asiposhika mimba hurudi kwenye joto baada ya wiki tatu hivi, na mhimilishaji makini hupita siku hiyo kumwangalia. Ukiwa na ng'ombe kumi unakumbuka. Mimi nilikuwa na boma baada ya boma, kutoka njia ya Nairobi mpaka unapokutana na ukungu wa msitu.

Hapo ndipo binti yangu Anaeli aliponiletea simu. Alikuwa akiuza vifaa vya simu mjini, na yeye mwenyewe alishapata mpya. Hii niliyopewa ilikuwa simu ya muziki. Kwa ninyi mnaobeba dunia nzima mfukoni, jambo hili linahitaji maelezo. Siku zile simu nyingi zilipiga na kupokea tu, lakini hii ilitengenezwa kwa ajili ya kusikiliza nyimbo. Ilikuwa na kadi ndogo ya kuhifadhia nyimbo, waya wa masikioni, na ubavuni kitufe chenye alama ya noti ya muziki. Ukikigusa hicho, wimbo unaanza, hata kama vitufe vingine vyote umevifunga. Kwangu kitufe hicho kilikuwa kama shetani, hakina likizo.

"Mimi nataka simu ya kazi," nilimwambia. "Hii ni ya kuchezea ngoma."

"Baba, ndani yake kuna kalenda."

"Kalenda ninayo ukutani, ile ya usharika."

"Ya ukutani inakuita siku ikifika?"

 Akanikalisha mezani akanifundisha. Unaingia kwenye kalenda, mwezi mzima unajitandaza kwenye kioo kidogo kama kiberiti, unachagua siku, unaandika jina la ng'ombe kwa kubonyeza tarakimu mara nyinginyingi, unachagua saa ya kukumbushwa. Siku yenye jambo inawekwa alama ndogo pembeni.

"Baba, taratibu. Hiyo siyo ngozi ya ng'ombe."

"Haisikii."

"Inasikia. Umeshaandika 'S' nane."

Nikamwambia amwekee kila ng'ombe marudio ya wiki tatu, yaani ikumbushe yenyewe. Akatafuta. Simu ile ilijua kurudia kila siku, kila wiki, kila wiki mbili, kila mwezi na kila mwaka. Wiki tatu haikuzijua. Niliona wazi kwamba waliotengeneza simu hawakuwahi kufuga. Basi ikabidi kila ng'ombe nimwandike kwa mkono, tena na tena, nikihesabu kwa kidole wiki tatu kushuka chini ya kioo. Nawaambieni hili kwa faida yenu: chombo hata kiwe kizuri vipi, kuna mahali kitakuachia kazi.

Kilichobaki ni mlio wa kukumbusha. Uliokuja na simu ulikuwa wa kukata kiuno, nami ni mzee wa kanisa. Anaeli akachukua wimbo wa kwaya ya akina mama wa usharika wetu, aliourekodi mwenyewe kwenye mazoezi, akauweka. Unaanza na kinanda kwa sauti ya juu, kisha akina mama wanaingia kwa pamoja. Nikafurahi sana. Tangu siku hiyo nikawa napita vichochoroni kwa pikipiki, kinanda kinalia mfukoni, na watu wanatoka kwenye migomba kunichokoza.

"Daktari, leo harusi ya nani?"

"Ya ng'ombe wa jirani yako."

"Bwana harusi yuko wapi?"

"Yuko kwenye mtungi."

Umeme haukuwa umefika kwangu, kwa hiyo simu niliichaji kwa kinyozi mmoja Ngaramtoni. Nikienda kuichukua nilikuta nusu ya chaji imeingia na nusu imesikilizwa na vijana, ambao kwa ukarimu wao waliniwekea nyimbo zao kwenye kadi bila kuombwa. Na chaji ikiisha kabisa au betri ikitolewa, tarehe inapotea, simu inarudi kwenye mwaka ambao mimi nilikuwa bado sijaijua. Kwa hiyo kila nikitoka kwa kinyozi nilitazama tarehe kwanza, kabla sijamshukuru.

Sasa nije kwa Mama Naserian. Huyu alikuwa mjane, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti ambayo ukiisikia ndipo unapojua kwamba wengine walikuwa wakimsindikiza. Ng'ombe wake alimwita Sidai, neno la Kimaasai lenye maana ya mzuri. Sidai alikuwa ng'ombe wa mkopo. Kikundi chetu cha wafugaji kilikuwa na utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe: unapewa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, na akizaa ndama jike unamkabidhi kwa mwenzako anayefuata. Ng'ombe mwenyewe na maziwa yake vinabaki kwako. Lakini kulikuwa na sharti. Mtamba akipandishwa mara tatu asishike mimba, kikundi kinamchukua, anakwenda kwa mchinjaji, na wewe unarudi mwisho wa foleni. Foleni yenyewe ilikuwa ndefu, na Mama Naserian alikuwa amekaa ndani yake mpaka binti yake akaanza kuchumbiwa.

Sidai alishapandishwa mara mbili, na mara zote mbili hakushika.

Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Lomayani, alikuwa mtu mwema ambaye alipenda wema wake usionekane. Alinikuta sokoni akaniambia, "Daktari, yule ng'ombe wa Mama Naserian anakula majani yetu bure."

"Bado ana mara moja, Mwenyekiti."

"Najua. Na mimi nina kamba."

Siku moja nilikuwa naandika ng'ombe wa wiki ile kwenye kalenda, Anaeli akiwa nyumbani kwa likizo, anachungulia begani kwangu.

"Baba, huyu Sidai anapenda Jumatatu."

"Anapenda nini?"

"Tazama. Alama yake hii, na hii. Zote ziko safu moja."

Nikatazama. Kweli alama zilikuwa zimekaa kwenye Jumatatu kama watoto waliopangwa mstari. Hilo peke yake halikunishangaza, kwa sababu wiki tatu kutoka Jumatatu ni Jumatatu. Kilichonigusa ni kwamba mara zote mbili Mama Naserian alinipigia Jumatatu asubuhi akisema ameona ute uliokauka kwenye mkia. Ninyi mnajua maana yake. Ute hutoka ng'ombe akiwa kwenye joto; ukikauka, ni habari ya jana. Nilikuwa nafika na mbegu baada ya mlango kufungwa, nikitumaini tu kwamba umeegeshwa.

Nikawasha pikipiki nikapanda kwake.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Mama Naserian. Nikuulize. Jumapili hapa nyumbani anabaki nani?"

"Habaki mtu. Tunakwenda kanisani."

"Wote?"

Akanikazia macho. "Mzee wa kanisa ananiuliza kama tunakwenda wote? Wewe umetumwa na Mchungaji kutupeleleza?"

"Na majirani?"

"Daktari, Jumapili kwenye kilima hiki wanaobaki ni kuku na wale wanaopika gongo. Tunatoka asubuhi, ibada, mnada wa sadaka, mazoezi ya kwaya. Nikirudi jua limezama, namtupia majani gizani, nalala."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Sidai hakuwa tasa. Joto lake lilikuwa la kimya, bila kulia wala kurukaruka, na lilimjia Jumapili, siku pekee ambayo kilima kizima kimempa kisogo. Ng'ombe aliyepata joto Jumapili atarudi Jumapili. Hana dhehebu, wala hawezi kusogezwa mpaka Jumatatu kwa ajili ya heshima.

Nikamwambia, "Jumapili ya zamu yake baki nyumbani, umwangalie tangu asubuhi."

"Ni lini?"

Nikahesabu kwenye kioo, nikamwonyesha. Akashika kichwa. Ilikuwa Jumapili ya sikukuu ya mavuno, wageni wanatoka dayosisi, na yeye ndiye anayeanzisha wimbo.

"Nikibaki, watasema Mama Naserian anaabudu ng'ombe."

"Na usipobaki, Lomayani atakuja na kamba."

Alimkuna Sidai katikati ya pembe. Halafu akasema kwa utulivu ambao bado nausikia, "Daktari, mimi kwenye foleni sirudi. Sitaishi kuuona mwisho wake mara ya pili. Lakini aliyenipa huyu ng'ombe ndiye anayeniita kanisani. Siwezi kumwambia nina shughuli. Wewe na simu yako tafuteni njia."

Nilitafuta njia. Nilimwambia amkague Sidai alfajiri kabla ya kuondoka. Nami niliweka kumbusho saa sita mchana, wakati ibada hata iwe ndefu vipi itakuwa imekwisha, na mtungi wangu wa mbegu nikaupeleka kanisani tangu asubuhi, nikauficha kwenye chumba cha wazee ili nitoke moja kwa moja. Mwinjilisti mgeni aliukuta, akauona mzuri, akaweka Biblia na kofia yake juu yake.

Asubuhi ile Mama Naserian alinipitia mlangoni na joho lake la kwaya. "Majani hakuyagusa," alininong'oneza.  Ng'ombe anayeacha majani asubuhi ya zamu yake ana jambo. Ila tulikuwa na nafasi, kwa sababu joto la asubuhi hupandishwa jioni. Tulihitaji kwenda tu mara baada ya ibada, tuhakikishe ute ni wa leo.

Nilizima simu kabisa, kama tulivyotangaziwa.

Ndugu zangu, mhubiri mgeni aliyesafiri mbali hawezi kuhubiri kifupi. Saa sita ikafika akiwa bado kwenye utangulizi wa sehemu ya pili. Akasema, "Tuinamishe vichwa, tutafakari kwa ukimya." Kanisa lote likawa kimya, sadaka za mavuno zimepangwa mbele, ndizi, maboga, jogoo amefungwa miguu. Na katika ukimya ule, simu ambayo nilikuwa nimeizima kwa kidole changu mwenyewe ikajiwasha. Nilikuja kujua baadaye kwamba ndivyo ilivyotengenezwa: kumbusho linaiamsha hata ikiwa imezimwa. Kikalia kinanda.

Akina mama wa kwaya walikuwa na nidhamu kubwa. Mwalimu wao aliwazoesha kwamba wakisikia kinanda cha wimbo wao hawaulizi, wanasimama. Wakasimama. Macho yakiwa yamefumbwa kwa tafakari, joho kwa joho, safu nzima ikainuka, na sauti ya kwanza na ya pili zikaingia palepale zilipotakiwa, pamoja na sauti zao wenyewe zilizokuwa zinatoka kwenye koti langu. Kusema kweli hawakuwahi kuimba vizuri kama siku hiyo, maana walikuwa wengi maradufu.

Mhubiri akafumbua macho. Akadhani ni utaratibu wa usharika, akaanza kupiga makofi.

Aliyekuwa hajaimba ni Mama Naserian peke yake. Alikuwa amesimama na wenzake, ila alikuwa ananitazama mimi, na midomo yake haikusogea. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio nikafanikiwa kuizima. Kwaya ikaendelea hadi mwisho, kwa sababu hawajazoeshwa kuacha katikati.

Mchungaji wetu aliniinamia kutoka madhabahuni. "Mzee, ni simu?"

"Ni ng'ombe, Mchungaji."

"Wa nani?"

"Wa Mama Naserian. Na ni mara ya tatu."

Alijua, kama wote walivyojua, maana ya mara ya tatu. Akatazama mahali alipokaa Lomayani, akatazama kwaya. Akasema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni, "Habari za ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya sabato tulishafundishwa tangu Shule ya Jumapili. Nendeni. Na mzee, mwache jogoo, huyo ni wa mnada." Maana katika kuhangaika nilikuwa nimejinasa mguu kwenye kamba yake, nikawa namburuta.

Tulipanda kwake, mimi na koti la ibada na mtungi mgongoni, Mama Naserian na joho. Sidai alikuwa amesimama katikati ya banda, majani hayajaguswa, na ute unaning'inia, safi, unang'aa kama ute wa yai bichi. Ulikuwa wa leo. Mama Naserian akakaa juu ya ndoo akashika mashavu yake.

"Sasa?"

"Sasa tunangoja jioni."

"Umenitoa kanisani ili tungoje?"

"Ndiyo kazi yenyewe, Mama."

Tukangoja. Mnada ulipokwisha kwaya nzima ikapanda na vyungu vya makande, kutuletea chakula na maneno. Mwalimu wao akaniuliza, "Mzee, wimbo wetu siku hizi unawaimbia ng'ombe?"

"Wao hawajawahi kulalamika," nikamjibu.

Jua lilipolala upande wa Monduli nikavua koti, nikavaa glovu ndefu, nikayeyusha mrija. Niliomba. Safari hii Mama Naserian aliomba kwa sauti, na mrija wangu ulipofika mahali pembamba panapowasumbua wengi wenu, ulipita kama kwenye mlango wa mtu anayetutarajia.

Wiki tatu baadaye, Jumapili, nilimwomba Mchungaji ruhusa nikakaa bandani kutwa. Mama Naserian alirudi kutoka kanisani mbio, joho mkononi.

"Amesema nini?"

"Yuko kimya."

"Kimya cha heri?"

"Mama, huyu hata joto lake ni la kimya. Tungoje niweze kumpima."

Kungoja huko kulikuwa kugumu kuliko kule kwa jioni moja. Mimba changa huisikii kwa mkono, na kulazimisha ni kuiharibu. Nilimsihi Lomayani asubiri miezi miwili na ushee. Akasubiri, akinung'unika kila Alhamisi ya soko. Miezi ilipotimia akaja na wajumbe wawili wa kamati, na kamba mpya ya katani begani. Mchinjaji alikwishaambiwa asubuhi ile awe tayari.

"Pima," akasema. "Kama ndama yupo, nageuka. Kama hayupo, naondoka na ng'ombe. Sina chuki na mtu."

Mama Naserian alimshika Sidai kichwa. Nikaingiza mkono mpaka karibu na bega, nikaanza kutafuta polepole. Hapo Sidai akaniegemea na uzito wake wote, akanibana kwenye nguzo, na nguzo ikabonyeza mfuko wa suruali. Nilisikia mlio mdogo. Kile kitufe cha ubavuni.

Kwaya haikuimba safari hii. Zilikuwa nyimbo za vijana wa kinyozi. Ngoma ikadunda, na jamaa mmoja akaanza kueleza kwa sauti kubwa atakachomfanyia mrembo wake Jumamosi.

Wajumbe wakatazama chini. Lomayani akakunja uso kama mtu anayezuia kupiga chafya. "Mzee wa kanisa, hii ni kwaya ya usharika gani?"

"Nitoleeni simu mfukoni!"

Hakuna aliyesogea. Mimi mkono mmoja uko ndani ya ng'ombe, wa pili umeshika mkia. Mwishowe Mama Naserian akamwacha Sidai kichwa, akaja akaichomoa simu, akabonyeza asichokijua, na wimbo ukapanda juu zaidi.

"Iache!" nikamwambia. "Nyamazeni wote."

Kwa sababu nilikuwa nimefika. Sidai alisimama tuli kuliko ng'ombe yeyote niliyewahi kumpima, masikio mbele, anasikiliza habari za Jumamosi. Chini ya vidole vyangu upande mmoja wa mfuko wa uzazi ulikuwa mwembamba na wa kawaida. Upande wa pili ulikuwa umejaa, laini, mzito, kama mpira wenye maji. Niliupitia mara moja. Nikaupitia tena, siyo kwa shaka, bali kwa sababu sikutaka kuutoa mkono haraka kutoka mahali penye jambo jema kiasi kile.

Wimbo ukaisha wenyewe.

"Daktari," Mama Naserian alisema nyuma yangu, na sauti yake ile kubwa ilikuwa imebaki ndogo sana. "Sema tu."

"Ana mimba."

Hakupiga kelele. Aliiweka simu juu ya majani, taratibu kabisa, kama yai. Akaenda akaweka paji la uso wake kwenye paji la Sidai, akazungumza naye Kimaasai, na mimi kwa mara nyingine sikuambiwa.

Lomayani akakohoa. Akauliza kama nina hakika, nikamwambia aingize mkono mwenyewe, akasema ananiamini. Akaanza kuikunja ile kamba ya katani, mkunjo baada ya mkunjo, akageuka kuondoka na wajumbe wake.

"Mwenyekiti," Mama Naserian akamwita. "Kamba niachie."

"Ya nini tena?"

"Ndama atahitaji ya kufungiwa."

"Na akiwa jike? Wa kwanza jike ni wa mwenzako, siyo wako."

"Akiwa jike, utakuja umchukue, umpelekee mwenzangu aliye kwenye foleni. Nitamkabidhi na kamba yake shingoni."

 Mzee yule akarudi, akaitundika kamba kwenye nguzo ya banda kwa mikono yake mwenyewe, akashuka njia ya migomba bila kutuaga.

Basi, wewe unayesoma, Bwana aubariki mkono wako wa kazi, uwe mpole unapoingia na mkweli unapotoka. Awape uzao wale wanaokungoja bandani, akupe wewe moyo wa kungoja pamoja nao, na jioni ya kila siku akurudishe kwako ukiwa na amani yake. Amina.